Plastiki inayopitisha umeme, simu za kukunja na kwa nini siri yote iko kwenye kuchanganya (uzi mrefu, wa Mwanza njooni)

Ng'wana Igoma (mleta uzi)

Wakuu mwangaluka.

Kuna ubishi uliwaka kule kwenye uzi wa simu za kukunja, jamaa akasema plastiki haipitishi umeme hata iweje, ndo maana waya zinavalishwa plastiki, akapigiwa makofi na nusu ya jukwaa. Badala ya kubishana kule acha nilete uzi wake hapa, maana hii mada naipenda na hivi vitu navishika maabara kwa mikono yangu. Anayesomea kwenye daladala ya Buhongwa aangalie asipitilize kituo.

Jamaa yuko sahihi kwa plastiki ya waya. PVC na polithini elektroni zake zimebanwa kwenye bondi, hazina pa kwenda. Ila kuna ukoo mwingine wa polima (molekuli ndefu kama mnyororo), mnyororo wake wa kaboni una bondi moja, mbili, moja, mbili, mwanzo mpaka mwisho, na humo elektroni zinaweza kutembea kando ya mnyororo. Hata hivo peke yake haipitishi umeme kivile mpaka uinyang'anye elektroni kadhaa au uiongezee, hiyo ndo inaitwa kudopu. Mwaka 1977 Alan Heeger, Alan MacDiarmid na Hideki Shirakawa waliipiga poliasetilini mvuke wa ayodini, uwezo wake wa kupitisha umeme ukapaa mara mamilioni, na mwaka 2000 wakachukua Nobel ya kemia wote watatu. Na ile filamu yenyewe inayong'aa kama fedha ilipatikana maabara kwa Shirakawa kule Japani kwa sababu mtu alimimina kichocheo mara elfu moja zaidi ya kipimo. Hayo makosa mengine yana baraka zake.

Sasa watu wengi hadithi wanaiishia hapo na mimi nataka nianzie hapo hapo. Ile poliasetilini haikufika popote kibiashara, ikikaa hewani inaharibika, haiyeyuki, huwezi kuipaka wala kuichapa. Vilivyokuja kufanya kazi baadae karibu vyote ni mchanganyiko, kitu kimoja kinabeba umeme, kingine kinabeba shida zingine zote. Mfano PEDOT:PSS, hii ndo plastiki ya umeme inayouzwa sana duniani. PEDOT yenyewe inapitisha umeme vizuri ila haiyeyuki kwenye chochote cha maana. PSS haipitishi elektroni ila inapenda maji na ina chaji hasi, inamshika mwenzie PEDOT na kumtawanya kwenye maji, unapata kimiminika cha bluu iliyokolea unachoweza kupaka kwa brashi. Bayer ya Ujerumani ndo waliianzisha mwishoni mwa miaka ya 80, na kazi yake ya mwanzo wala haikuwa ya kifahari, Agfa waliipaka kwenye filamu za kamera ili zisishike umeme tuli.

Naendelea chini, ngoja kwanza niweke maji ya ugali.

Tuliza Boli

Siti ya mbele nimeshakamata. Wabeja sana mkuu, endelea.

Fundi wa Makoroboi

Mkuu mimi ni fundi simu hapa Makoroboi na nina swali la kazini kabisa. Kioo cha OLED kikipata ufa kidogo tu pembeni, leo unaona kidoa cheusi kama kichwa cha kiberiti, baada ya siku kadhaa kimekula nusu ya skrini, wateja wanasema kimemwaga wino. Kuna mama mmoja alizima simu akaiweka kabatini ili wino usisambae, alivyoiwasha doa limekua vile vile. Hiyo wino ni nini? Na hiyo polima ya kuchanganya unayoisema iko wapi humo ndani maana vioo nafungua kila siku?

Ng'wana Igoma

Fundi swali lako zuri kuliko uzi wangu.

Kwenye OLED hakuna wino. Kwenye LCD ndo kuna fuwele kimiminika kati ya vioo viwili, kikipasuka kinahama na hewa inaingia, lile doa ni hilo. OLED ni tabaka kavu za kaboni, zote kwa pamoja unene wake ni kama nanomita mia na kitu, unywele wako una nanomita kama 80,000. Juu yake kuna elektrodi ya metali inayochukia maji na oksijeni vibaya sana. Ndo maana kioo chote kinafungiwa kwa tabaka za kuzuia hewa. Ukipata ufa, unyevu unaingia kwenye ule ufa halafu unatambaa kwa pembeni chini ya kifuniko, kila unapopita metali inaoza au inabanduka na pale hapawaki tena. Yule mama kuzima simu hakukusaidia kitu kwa sababu maji hayahitaji umeme kutambaa.

Kiwango wanachokitaka kwenye ufungaji wa OLED ni hiki: mita moja ya mraba isipitishe zaidi ya gramu 0.000001 ya maji kwa siku. Piga hesabu mwenyewe, gramu moja tu ya maji ikitaka kupenya hapo inahitaji siku milioni moja, karibu miaka 2,700. Ufa wako wa kuanguka kwenye sakafu unafuta hesabu yote hiyo kwa sekunde.

Swali la pili, nikudanganye ili uzi unoge? Hapana. OLED ya simu SIYO polima blendi (blendi ndo huo mchanganyiko). Ni molekuli ndogo zinazofukizwa ndani ya vakyumu zinatua tabaka kwa tabaka, ni njia ya Ching Tang na Steven Van Slyke wa Kodak, 1987. Taa ya polima ilikuja 1990 kule Cambridge, walitumia polima inaitwa PPV, ukiipa umeme inatoa mwanga wa kijani manjano. Hii ya polima ndo ilikuwa na ndoto ya kuchapwa kama gazeti, ila sokoni kwenye simu ile ya vakyumu ndo ikashinda. Hata hivo ukichungulia tabaka linalotoa mwanga kwenye hiyo hiyo OLED ya simu utakuta nalo limechanganywa, molekuli mwenyeji nyingi na molekuli ya rangi asilimia chache, maana zile za rangi zikijaa sehemu moja zinazimana zenyewe.

Polima kwenye simu yako iko chini, ndo ile karatasi ya rangi ya chai ya rangi, poliimidi. Ile fleksi (waya bapa unaokunjika) unayoibandua kila siku ni hiyo hiyo. Inavumilia joto la nyuzi zaidi ya 300, ndo maana unaweza kuilehemu isiyeyuke.

Mzee wa Data

Nimesoma yote. Bado naona blendi ni uchakachuaji uliovaa suti. Kama una semikondakta nzuri ya bei mbaya kwa nini uichanganye na plastiki ya kawaida? Sisi tunajua mafuta ya taa kwenye dizeli, mwisho wake injini. Nithibitishie kwamba mchanganyiko unafanya kazi VIZURI ZAIDI na sio rahisi zaidi tu.

Ng'wana Igoma

Mzee wa Data umenifuata mwenyewe, hapa ndo penye nyama.

Kwanza ujue polima mbili kuchanganyika ni shughuli. Vitu vya molekuli ndogo vinachanganyika kirahisi kwa sababu kuna njia nyingi mno za kujipanga vikiwa vimevurugika, vurugu yenyewe inasaidia. Mnyororo mrefu vipande vyake vimeshikana, haviwezi kutawanyika kila kimoja na njia yake, kwa hiyo msaada wa vurugu unakuwa mdogo sana, na chuki kidogo tu kati ya polima mbili inatosha kuzitenganisha. Hesabu yake inaitwa Flory na Huggins, na Paul Flory alipewa Nobel 1974. Kwa hiyo ukiziyeyusha polima mbili kwenye kiyeyusho kimoja zinakaa kwa amani, kiyeyusho kikianza kukauka zinaanza kuachana. Mtu wa ndoo na viti vya plastiki anaiona hiyo kama balaa. Mtu wa elektroniki anaisubiri kwa hamu.

Chukua seli ya sola ya kikaboni. Mwanga ukipiga polima haukupi umeme moja kwa moja, unakupa eksitoni, yaani elektroni na tundu lake (nafasi aliyoiacha) bado wameshikana mikono. Hao wanasafiri kama nanomita 10 tu kabla hawajafa. Ili uwatenganishe lazima wafike mpakani, pale polima inapokutana na kitu kingine kinachopenda elektroni zaidi. Sasa tabaka lako ili limeze mwanga wa kutosha linatakiwa liwe na unene wa nanomita 100 hivi. Unaona mtego? Ukipanga matabaka mawili yamelaliana kama alivyofanya Tang 1986, eksitoni nyingi zinafia njiani, alipata asilimia 1 hivi ya mwanga kugeuka umeme. 1995 kundi la Heeger wakasema basi tuchanganye vyote viwili kwenye chupa moja, polima pamoja na fulerini (molekuli ya kaboni yenye umbo la mpira, inapenda elektroni), tupake, tuache vijitenge vyenyewe. Kikikauka unapata kitu kama nyavu mbili zilizonasana, kila wavu bado ni mzima mwanzo mpaka mwisho, na popote ulipo ndani ya wavu mmoja, mwenzie hayuko mbali zaidi ya hizo nanomita 10. Wavu mmoja unatoa elektroni, mwingine unatoa matundu.

Na hapo ndo kazi inaanza, maana vikichanganyika sana mpaka vikawa kitu kimoja, elektroni hazina njia ya kutokea. Vikiachana sana vinakuwa madonge makubwa, eksitoni zinafia katikati ya donge. Kwa hiyo watu wanacheza na kasi ya kukauka, aina ya kiyeyusho, tone la kimiminika kinachochelewa kukauka, na kupasha joto baadae. P3HT (polima) na PCBM (aina ya fulerini), hawa ndo wanandoa wa kila maabara, ukiwapaka bila kuwapasha unapata kitu dhaifu, ukiwapasha kwenye nyuzi 110 mpaka 150 kwa dakika chache P3HT inajipanga fuwele na PCBM inapata nafasi yake, asilimia inafika 4 kuelekea 5. Vile vile viwili, uzito ule ule, kilichobadilika ni mpangilio tu. 2019 ikaja molekuli inaitwa Y6 badala ya fulerini, ikachanganywa na polima PM6 wakavuka asilimia 15, na sasa hivi maabara seli za aina hii zimegusa 20. Seli ndogo kama ukucha lakini, tusidanganyane.

Na umeuliza kuhusu plastiki ya kawaida. 2006 kuna kazi ilitoka wakaichanganya P3HT na plastiki za kawaida kabisa zikiwemo polithini na polisitirini, wakashusha semikondakta mpaka asilimia 3 ya uzito na transista (swichi ndogo ya umeme) ikafanya kazi kama ile ya P3HT tupu. Asilimia 97 ni plastiki ya bei ya karanga! Sababu ni hiyo hiyo ya kuachana, ukipata mpangilio sahihi wa nani anaganda kwanza, ile asilimia 3 haizagai hovyo, inajikusanya kwenye njia iliyoungana pale inapohitajika, na ile plastiki inayobaki inashika kazi ya kuimarisha na kukinga. Dizeli yako na mafuta ya taa havina akili hiyo.

Mzee wa Data

Hiyo ya asilimia 3 imenikalisha. Naondoa neno suti, uchakachuaji nitalifikiria.

Tuliza Boli

Hahahaaa mzee kakubali kwa masharti.

Kaka wa Nansio

Habari za jioni wakuu, nipo Ukerewe huku. Mimi nataka kitu cha moja kwa moja. Kwenye dagaa tumeacha karabai tunatumia taa za LED na betri, tunachajia kwenye paneli mchana. Paneli ya kioo kwenye mtumbwi ni mzigo na ikigongwa imekwisha. Kuna muuzaji mjini ana paneli laini inayopinda kama mkeka anasema ni teknolojia mpya ya plastiki, organiki. Ninunue? Ndo hii ya uzi huu?

Ng'wana Igoma

Kaka pole na majukumu. Hapana, karibu kwa uhakika siyo hii. Zile laini zinazouzwa madukani ni silikoni ile ile ya kawaida, vipande vyembamba vilivyobanwa kati ya matabaka ya plastiki badala ya kioo. Ziangalie vizuri, ukiona miraba ya bluu iliyokolea au nyeusi yenye mistari myembamba ya fedha ujue silikoni. Zinapinda kidogo tu, ukiikunja kama mkeka kweli vile vipande vinapasuka ndani bila wewe kuona, na paneli inaanza kutoa kidogo kidogo. Kama unainunua, ibandike kwenye kitu kigumu chenye mgongo kidogo, mfano bati, na iache hewa ipite chini. Usiikalie.

Ya kikaboni ukiiona utaijua, haina miraba, ina milia mirefu ya rangi moja, inaweza kuwa kijani, ya zambarau au nyekundu ya damu ya mzee, na mara nyingi unaona upande wa pili. Ujerumani kuna kampuni inaitwa Heliatek wanatengeneza filamu za kubandika ukutani na kwenye mapaa, ila nao wanatumia molekuli ndogo za vakyumu. Walioingia kwa mguu mzima na polima walikuwa Konarka wa Marekani, Heeger mwenyewe mwenye Nobel alikuwa mmoja wa waanzilishi 2001, na 2012 wakafilisika. Nobel hailipi mishahara.

Na kwa mtumbwi wako mimi ningeogopa zaidi. Vitu vitatu vinaua hizi blendi: maji, oksijeni na mionzi ya jua ya urujuanimno, na wewe unavyo vyote vitatu vya bure kuanzia asubuhi. Kuna cha nne, joto. Paneli juani Ukerewe inapita nyuzi 60 bila shida, na kwenye joto zile molekuli ndogo kama PCBM zinaanza kutembea taratibu na kukusanyana kuwa fuwele kubwa, ule mpangilio wa nyavu mbili uliotafutwa kwa jasho unaharibika wenyewe. Ndo maana sasa hivi watu wanahangaika kuweka polima pande zote mbili, polima kwa polima, mnyororo mrefu hautembei kirahisi. Chukua silikoni kaka, na kama ni ya kioo itengenezee fremu ya mbao na kipande cha raba chini.

Kaka wa Nansio

Nimekuelewa. Jamaa alikuwa anataka hela karibu mara mbili ya ya kioo. Mungu akubariki.

Fundi wa Makoroboi

Mkuu mi sijatoka. Unasema silikoni laini inapasuka ikikunjwa, sasa simu za kukunja zinakunjwaje mara laki na haziachii? Kuna mteja kaniletea moja, nimeiogopa sijaigusa.

Ng'wana Igoma

Siri ni wembamba na mahali kila tabaka linapokaa. Ukikunja kitu, upande wa nje unavutwa, upande wa ndani unabanwa, katikati kuna mstari haufanywi kitu. Kiasi cha kuvutwa ni unene gawanya kwa mara mbili ya nusu kipenyo cha mkunjo. Chukua karatasi ya PET (plastiki ya chupa za maji) yenye unene wa milimita 0.1 ikunje kwa nusu kipenyo cha milimita 5, unapata 0.1 gawa kwa 10, asilimia 1. Ile elektrodi ya kioo inayopitisha umeme, ITO, inaanza kupasuka kwenye asilimia 1 mpaka 2 hivi, kwa hiyo uko ukingoni. Punguza unene nusu, umepata pumzi. Halafu panga matabaka ili yale dhaifu yakae pale katikati pasipovutwa. Simu za kukunja zinacheza huo mchezo, na ndo maana ukibandika protekta nene ya hovyo juu yake unahamisha ule mstari wa katikati na kuwaweka wale dhaifu kwenye mvutano. Huyo mteja wako kama ana protekta ya ziada muulize kaiweka lini.

Ila kukunja ni jambo dogo. KUVUTA ndo mtihani. Ngozi ya kiwiko chako ukikunja mkono inavutika kama asilimia 30, hapo hesabu ya wembamba haikusaidii, nyenzo yenyewe lazima ivutike. Polima nyingi za semikondakta ni ngumu kwa sababu zimejipanga fuwele, na zinapitisha vizuri kwa sababu hiyo hiyo, kwa hiyo ukizilainisha unapoteza umeme.

Januari 2017 kundi la Zhenan Bao kule Stanford walitoa njia kwenye jarida la Science, na ni blendi tena. Walichukua polima ya semikondakta wakaichanganya na SEBS, ni raba laini, inatumika hata kwenye vishikio laini vya vifaa vya mkononi. Vikaachana ila kwa kiwango kidogo mno, semikondakta ikabaki nyuzi nyuzi nyembamba za nanomita ndani ya raba. Na polima ikibanwa kwenye nafasi ndogo namna hiyo haijipangi fuwele kubwa, minyororo yake inabaki na uhuru wa kusogea, kwa hiyo inavutika bila kukatika huku umeme ukiendelea kupita. Waliivuta mpaka ikawa mara mbili ya urefu wake na transista ikaendelea na kasi karibu ile ile. Mzee wa Data hii ni yako.

Mzee wa Data

Nimeona. Nipo kimya.

Dada Kemia

Shikamooni wakubwa. Mimi ni mwanafunzi mwaka wa mwisho hapa hapa Mwanza, nataka project ya hii kitu ila chuoni hatuna kile kisanduku cha naitrojeni wala vakyumu, tuna oveni, mizani, vioo vya hadubini na multimita. Msimamizi wangu kanicheka. Niache?

Ng'wana Igoma

Marahaba dada. Usiache, ila chagua vita. P3HT sahau, bei yake kwa gramu inatia uchungu, na viyeyusho vyake kama klorobenzini vina sumu vinataka kabati la moshi linalofanya kazi kweli, sio lile la kuhifadhia madaftari. Nenda na PEDOT:PSS, ni ya maji, na haiogopi hewa.

Fanya blendi na PVA, plastiki ya kawaida inayoyeyuka kwenye maji ya moto kama nyuzi 90 ukikoroga bila haraka, weka kidogo kidogo isifanye madonge. PEDOT:PSS ichuje kwanza kwa sindano yenye kichujio cha maikromita 0.45, chembe moja tu kubwa inakuachia mkia kama nyota kimondo kwenye filamu yote. Ongeza ethilini glaikoli asilimia 5 hivi, ile safi ya maabara, sio kulanti ya gari maana ile ina rangi na dawa za kutu. Hiyo glaikoli haipitishi umeme na mwisho inakauka karibu yote, ila inawaruhusu PEDOT na PSS wajipange upya, uwezo unaweza kupanda mara mia na zaidi. Hata kwenye chupa iliyokuja tayari imechanganywa, mpangilio ndo unaamua.

Kwa kupaka, feni ya kompyuta na kifuniko cha plastiki juu vinakupa spini kota (mashine ya kupaka kwa kuzungusha) ya kuanzia. Kioo kikiwa safi tone linatanda lote mara moja, ukiona linajikusanya kama maji kwenye jani la mgomba kuna mafuta ya vidole, osha tena. Likianza kuzunguka utaona rangi za upinde zinapishana kutoka katikati kwenda nje halafu zinasimama, hapo limekauka, linabaki la bluu hafifu unasoma maandishi nyuma yake. Oveni nyuzi 120 kwa dakika 15 kwenye kioo. Kwenye PET usithubutu, inalainika kwenye 75 hivi itajikunja kama chipsi, shusha joto ongeza muda.

Halafu chora grafu ya upitishaji dhidi ya asilimia ya PEDOT:PSS, mhimili wa wima uwe wa logi. Haitashuka kwa mstari ulionyooka. Kuna sehemu utaongeza kidogo tu na umeme unaruka, hapo ndo njia zinaungana kutoka ncha hadi ncha. Hiyo grafu moja ikieleweka vizuri ni project nzima. Na usipime kwa ncha mbili tu za multimita, utapima na ugumu wa pale ncha inapogusa, tengeneza ncha nne kwenye mstari mmoja, mbili za kupitisha mkondo mbili za kusoma volti.

Daktari wa Mimea

Naongezea kwa dada hapo juu. PSS inanyonya unyevu balaa, na sisi tuko kando ya ziwa. Filamu hiyo hiyo itakupa namba tofauti asubuhi na mchana. Weka kipima unyevu pembeni, andika kila kipimo na unyevu wake, la sivyo utapima ziwa na sio filamu. Unaweza hata kuigeuza iwe ndo project, ukiipumulia tu namba za omu zinahama, hicho ni kihisio cha unyevu tayari, na wakaushaji wa dagaa pale mwaloni Kirumba wangekipenda kama kikiweza kuwaambia gunia lipi halijakauka vizuri.

Dada Kemia

Mungu wangu asanteni sana. Nilipaka jana kwa majaribio, filamu yangu ikigusa maji inavimba inabanduka yote. Ya dagaa itakufa siku ya kwanza. Kuna dawa?

Daktari wa Mimea

Ipo, GOPS, ni silani (kemikali ya kushikisha), asilimia 1 hivi inawafunga PSS wenyewe kwa wenyewe na kuwashikisha kwenye kioo, haitabanduka tena ukiilowesha. Itakula upitishaji kidogo. Iweke mwisho kabisa kabla ya kupaka, ukiiacha kwenye chupa usiku kucha inaganda.

Fundi wa Makoroboi

Dada ukihitaji fleksi za poliimidi za kupakia nina ndoo nzima ya vioo vilivyokufa hapa, ni mzigo kwangu. Njoo Jumamosi mchana, asubuhi kuna foleni. Na mkuu Ng'wana, yule mteja ana protekta mbili, moja juu ya nyingine.

Ng'wana Igoma

Fundi mrudishie simu yake bila kuigusa 😂 Dada Kemia hizo fleksi zisugue kwanza na spiriti ya isopropili utoe gundi, na zile zenye shaba juu usitumie, asidi ya PSS itaanza kuila.